WITCH ya Kitwe: miaka sita ya kishindo, na maisha yaliyofuata

Kikosi halisi cha bendi ya WITCH, kutoka mji wa Kitwe nchini Zambia, kilidumu kwa takriban miaka sita tu, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970 hadi mwaka 1977 hivi, na katika muda huo mfupi kilitoa albamu tano ambazo leo zinasakwa na wapenzi wa roki nzito katika mabara yote. Nimeusikiliza muziki huu kwa muda mrefu, na kila ninaposoma makala mpya kuuhusu, naona masimulizi yakipita njia ileile: bendi ilisahauliwa, wageni wakaifukua, mwimbaji akarudi jukwaani, na hadithi ikaisha vizuri. Masimulizi hayo si ya uongo. Lakini yanaruka jambo ambalo kwangu ndilo kubwa kuliko yote, yaani ile miaka mingi iliyopita kati ya kusambaratika kwa kikosi na kurejea kwa jina lake, pamoja na watu waliofariki ndani ya miaka hiyo bila kujua kwamba kuna siku kazi yao ingesikilizwa tena.

Kwa hiyo nianze na majina yao, kwa sababu katika makala nyingi linatajwa jina moja tu. Mwimbaji alikuwa Emmanuel Chanda, aliyezaliwa mwaka 1951, ambaye mashabiki walimwita Jagari kwa kumfananisha na Mick Jagger wa Rolling Stones. Gitaa la solo lilipigwa na Chris Mbewe, aliyejulikana kama Kims. Gitaa la rithimu lilikuwa mikononi mwa John Muma, ambaye jina lake la utani lilikuwa Music. Gitaa la besi lilipigwa na Gedeon Mwamulenga, maarufu kama Giddy King. Na nyuma yao kwenye dramu aliketi Boidi Sinkala. Baadaye akajiunga nao Paul Mumba, aliyeitwa Jones, upande wa kinanda. Jina la bendi lilielezwa kuwa ni kifupi cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya kwamba wamekusudia kuleta vurugu, na kwa vijana waliokuwa na umri wa miaka ishirini na kidogo, nadhani maelezo hayo yaliwatosha kabisa.

Ili kuelewa ni kwa nini roki ya aina hii, yenye magitaa yanayokwaruza na sauti zinazoyumba kama mtu aliye katikati ya usingizi na macho, ilichipuka Kitwe na si Dar es Salaam, Kampala au Lubumbashi, inabidi kuitazama shaba. Zambia ilipata uhuru tarehe 24 Oktoba 1964 ikiwa miongoni mwa wazalishaji wakubwa wa shaba duniani, na zaidi ya asilimia 90 ya fedha zake za kigeni zilitokana na madini hayo. Miji ya ukanda wa shaba, yaani Kitwe, Ndola, Chingola, Mufulira na Luanshya, ilikuwa miji ya mishahara. Ilikuwa na umeme, majumba ya sinema, kumbi za starehe zilizojengwa na kampuni za migodi kwa ajili ya wafanyakazi, na maduka yaliyoleta santuri mpya kutoka Uingereza na Marekani. Wataalamu wa kigeni waliofanya kazi migodini walikuja na santuri zao, na redio ya Lourenço Marques (Maputo ya leo), iliyosikika katika sehemu kubwa ya kusini mwa Afrika, ilipiga nyimbo za Ulaya mchana na usiku. Kijana wa Kitwe mwaka 1970 aliweza kumsikia Jimi Hendrix, Deep Purple, Black Sabbath na Grand Funk Railroad karibu wakati uleule na kijana wa Birmingham, na wakati huohuo akaisikia rumba ikivuka mpaka kutoka Katanga, umbali wa mwendo mfupi tu kwa gari.

Kwetu Tanzania katika miaka hiyohiyo bendi za dansi zilikuwa zikikua chini ya mashirika ya umma, jeshi na jumuiya za chama, na vyombo vilikuwa mali ya mwajiri. Zambia ilifuata njia nyingine. Rais Kenneth Kaunda, ambaye mwenyewe alikuwa mpiga gitaa na aliwahi kuzunguka vijijini kwa baiskeli akiimba nyimbo za kudai uhuru, aliagiza katika miaka ya 1970 kwamba asilimia 95 ya muziki unaopigwa redioni uwe wa Zambia. Agizo hilo halikusema muziki huo uwe wa mtindo gani. Vijana waliokuwa wakiiga nyimbo za Uingereza baa kwa baa walijikuta wanahitaji nyimbo za kwao wenyewe, nao wakatunga zile walizozijua: roki, lakini yenye mapigo ya ngoma ambayo mpiga dramu wa London asingeyapata hata kama angefundishwa. Mtindo huo ukaitwa Zamrock. Huwa nastaajabu kwamba sera ya kizalendo ilizaa muziki uliokuwa ukiimbwa kwa sehemu kubwa kwa Kiingereza na kupigwa kwa kanyagio la wah-wah, kifaa cha mguu kinacholifanya gitaa lilie kama sauti ya mtu, lakini ndivyo ilivyokuwa, na sioni kwamba uzalendo wake ulipungua kwa hilo. Wenzao, kama Paul Ngozi na kundi lake la Ngozi Family, waliimba zaidi kwa Kinyanja, tena kuhusu bei ya mahindi, ulevi na ugomvi wa nyumbani, na roki haikuwapungukia nguvu hata kidogo.

WITCH ndio waliokuwa wakubwa kuliko wote jukwaani. Maonyesho yao yalianza saa moja jioni na kuendelea hadi saa nane usiku, na watu wakafurika kiasi cha kuhitaji polisi wa kuwazuia. Jagari alikuwa akicheza, akikimbia, akipanda ghorofa ya ukumbi na kurukia jukwaani kutoka huko juu, huku wenzake wanne wakishikilia mdundo bila kumsubiri. Ukisikiliza santuri zao bila kulijua hilo unaweza kushangaa, kwa sababu ndani ya studio Jagari anaimba kwa upole, karibu kama anayezungumza na mtu mmoja. Nadhani huo ndio ufundi wake mkubwa: alijua kwamba kelele zimeshabebwa na magitaa, akaiachia sauti yake kazi ya kueleza.

Albamu ya kwanza, iliyoitwa Introduction, ilitoka mwanzoni mwa muongo huo, ikiwa mojawapo ya albamu za mwanzo kabisa za roki kuuzwa nchini Zambia, na bendi ilizibeba yenyewe na kuziuza kwenye maonyesho yake. Ya pili, In the Past, ilifuata mwaka 1974. Zote mbili zina sauti ya chumba kidogo: dramu ziko mbali, besi inavuma, gitaa la Kims liko mbele kuliko linavyostahili, na kwa maoni yangu hakuna kasoro hata moja kati ya hizo ambayo ningependa irekebishwe. Wimbo wa Home Town katika ile ya kwanza unaeleza hamu ya kurudi nyumbani kwa namna ambayo mtu yeyote aliyeondoka kijijini kwenda kutafuta kazi mjini ataielewa mara moja, na ukanda wa shaba ulijaa watu wa namna hiyo, kutoka Kasama, kutoka Mansa, kutoka Malawi, hata kutoka Tanganyika.

Lakini kazi yao kuu ni Lazy Bones!! ya mwaka 1975. Hapa bendi imepata studio nzuri zaidi, jijini Lusaka, na imepata pia ujasiri wa kupunguza mwendo. Katika Black Tears, wimbo unaofungua albamu, na hasa katika Strange Dream, magitaa mawili hayapigani tena kutafuta nafasi. Music Muma anaweka msingi mzito na mfupi, unaorudiwarudiwa, na Kims anapita juu yake kwa wah-wah kana kwamba gitaa linajaribu kutamka maneno. Giddy King anapiga besi yenye nyimbo zake mwenyewe ndani, jambo ambalo wapiga besi wa roki nzito wa wakati ule hawakulifanya mara nyingi, na ninaamini sikio lake lilikuwa limelelewa na rumba hata kama mkono wake ulikuwa umefunzwa na Waingereza. Boidi Sinkala hapigi kwa nguvu nyingi. Anapiga kwa mzunguko, akirudisha pigo pale ambapo mchezaji angeweka mguu, na hiyo ndiyo tofauti kati ya WITCH na bendi mia za Ulaya za miaka hiyo zilizokuwa na vifaa bora kuliko wao. Kila mwanamuziki kijana anayeniuliza kuhusu roki ya Afrika ninamwambia asikilize upande wa dramu kwanza, halafu ndipo asikilize magitaa.

Wakati albamu hiyo inatoka, msingi uliokuwa umeibeba ulikuwa tayari umepasuka. Mpaka wa Rhodesia (Zimbabwe ya leo) ulifungwa mwezi Januari 1973, na bidhaa za Zambia zililazimika kutafuta njia nyingine kufika baharini, ndiyo maana reli ya TAZARA kutoka Kapiri Mposhi hadi Dar es Salaam, yenye urefu wa kilomita 1,860, ilikuwa suala la uhai kwa nchi hiyo. Bei ya shaba iliyokuwa juu sana mwanzoni mwa mwaka 1974 ilianguka, na kufikia mwaka uliofuata ilikuwa chini ya nusu ya kilele chake, wakati ambapo bei ya mafuta ilikuwa imepanda. Serikali haikuwa na fedha za kigeni. Kwa bendi ya roki, hali hiyo ilikuwa na maana rahisi sana: nyuzi za gitaa, taa za amplifaya, ngozi za dramu na vipuri vya kanyagio vyote vilitoka nje, na kifaa kilichokufa hakikuwa na mbadala. Vita vya ukombozi vya nchi jirani navyo vilileta amri za kutotoka nje usiku na za kuzima taa, na Rhodesia ilipoanza kushambulia kambi za wapigania uhuru ndani ya ardhi ya Zambia, onyesho la kuanza saa moja jioni hadi saa nane usiku likawa jambo lisilowezekana. Bendi zikaanza kupiga mchana. Wafanyakazi wa migodi hawakuwa na akiba ya kiingilio, na kanda za kurudufu zikaanza kuuzwa mitaani kuliko santuri zenyewe.

Albamu mbili zilizofuata, Lukombo Vibes na ile ya mwaka 1977 yenye wimbo wa Janet, ni laini zaidi, zina vinanda na mapigo ya kuchezeka, na wapo wanaozipuuza. Mimi siwezi kuzipuuza, kwa sababu ndani yake unasikia watu wanaojaribu kubaki na kazi. Baada ya hapo Jagari aliondoka. Aliingia Chuo cha Evelyn Hone jijini Lusaka kusomea ualimu wa muziki, akawa mwalimu. Wengine huuona uamuzi huo kama mwisho wa nyota, lakini mimi nauona kama uamuzi wa mtu aliyekuwa na familia na aliyeona wazi kwamba hakuna mwanamuziki wa Zambia atakayekula kwa gitaa katika muongo uliokuwa unakuja. Waliobaki walilishikilia jina la bendi, wakamchukua mpiga kinanda kijana aitwaye Patrick Mwondela, wakahamia kwenye disko, na wakatoa Movin' On mwaka 1980 na Kuomboka mwaka 1984. Roki nzito ilikuwa imekwisha. Nafasi yake ilikuwa imechukuliwa na kalindula, muziki wenye mizizi ya vijijini ambao ulihitaji vifaa vichache na uliwapa watu kile walichokihitaji wakati huo.

Kisha ukaja UKIMWI. Miji ya ukanda wa shaba ilipigwa mapema na kwa ukatili mkubwa, katika miaka ya 1980 na ya 1990, wakati ambapo dawa za kufubaza virusi ama hazikuwepo ama zilikuwa mbali na uwezo wa mtu wa kawaida, na kizazi cha Zamrock, cha vijana wa mjini waliokuwa wakisafiri kila wiki, kilikuwa katikati ya maafa hayo. Gonjwa hilo liliwachukua wanamuziki wengi sana, na umaskini na maradhi mengine yakawachukua wengine. Paul Ngozi alifariki mwaka 1989. Kims Mbewe, Music Muma, Giddy King, Boidi Sinkala na Jones Mumba wote walitangulia, na karne hii ilipoanza, katika kikosi kile cha albamu tano alikuwa amebaki hai Jagari peke yake. Sidhani kuna bendi kubwa ya roki ya Ulaya au Marekani ya kizazi hicho iliyopata pigo la kiasi hicho, na hakuna aliyekuwa na kinasa sauti mezani akiwauliza watu hawa walivyotunga Strange Dream, nani alianza na lile pigo, na gitaa la Kims lilikuwa la aina gani. Maarifa hayo yamezikwa pamoja nao. Ninapomsikia mtu akisema kwa furaha kwamba bendi hii "ilifukuliwa", huwa najiuliza kama amezihesabu nafasi zilizokuwa wazi siku ilipofukuliwa.

Jagari mwenyewe aliishi maisha ambayo majirani zake wengi wangeweza kuyaeleza bila kumtaja mwanamuziki. Alifundisha. Aliokoka, na imani ikawa nguzo ya maisha yake. Alichimba vito kwa jembe na sururu, akiwa na matumaini ya kila mchimbaji mdogo, kwamba ipo siku atakutana na jiwe litakalobadilisha hali ya nyumba yake. Nimeona picha za filamu zinazomwonyesha akiwa shimoni, mzee mwembamba mwenye uso wa uchangamfu, na kilichonigusa ni jinsi asivyoonyesha kujionea huruma. Kuna jambo zito katika kumwona mtu wa ukanda wa shaba, ambaye muziki wake ulilipiwa na madini ya nchi yake, akirudi ardhini kuyatafuta madini kwa mikono yake mwenyewe baada ya mfumo mzima kuporomoka.

Kurudi kwake kulianzia kwenye santuri. Wakusanyaji wa Ulaya na Marekani walikuwa wakilipana fedha nyingi kwa nakala zilizochakaa, kisha kampuni ya Now-Again ya Los Angeles, inayoongozwa na Eothen Alapatt anayejulikana kama Egon, ikatoa upya kazi za WITCH kwa mkusanyo mmoja mwaka 2012, na mwaka 2017 ikatoa mkusanyo mpana wa Zamrock ulioambatana na maandishi ambayo Mzambia Leonard Koloko alishiriki kuyaandika. Hilo la Koloko nalitaja kwa makusudi, kwani kuna Wazambia walioitunza historia hii kabla haijawa na soko. Mwaka 2014 mtengeneza filamu wa Italia, Gio Arlotta, alikwenda Zambia kumtafuta Jagari akiwa na wanamuziki wawili wa Uholanzi, mmoja wao Jacco Gardner, na kutokana na safari hiyo ikapatikana filamu iliyotoka mwaka 2019 pamoja na bendi mpya. Patrick Mwondela, ambaye alikuwa amehamia Uingereza, alirudi kwenye kinanda. Bendi ikazunguka Ulaya, kisha Marekani, Jagari akiwa na zaidi ya miaka 65 na bado akicheza jukwaani kama mtu asiyeyasikia magoti yake.

Mwaka 2023 wakatoa Zango, albamu ya kwanza ya WITCH tangu ile ya 1984, iliyorekodiwa katika studio za DB jijini Lusaka, mahali palepale walipoirekodi Lazy Bones!!. Zipo sauti za Hanna Tembo na Theresa Ng'ambi, wanawake wawili wa Zambia ambao wameileta bendi mahali ambapo bendi ya wanaume watupu ya mwaka 1975 isingefika, na yupo pia Sampa the Great, rapa aliyezaliwa Zambia, ambaye mwaka mmoja kabla alikuwa amemshirikisha Jagari katika kazi yake. Mwaka 2024 mwanamuziki wa Marekani Tyler, the Creator alichukua kipande cha wimbo wa Ngozi Family wa mwaka 1977 na kukijengea wimbo mzima, na mamilioni ya vijana wakaisikia Lusaka bila kujua kwamba ni Lusaka.

Je, hii ya sasa ni WITCH ileile? Sioni sababu ya kujidanganya. Ni bendi nzuri, yenye wapigaji hodari wa Ulaya wanaouheshimu muziki huu na kuupiga kwa mapenzi, na Jagari ana haki zote za kulibeba jina ambalo yeye na wenzake walilijenga. Lakini lile pigo la mzunguko la Boidi na ile besi inayoimba ya Giddy King havimo, wala hakuna mtu anayeweza kuvirudisha kwa kuvikariri kutoka kwenye santuri. Zango inapendeza pale inapoacha kuigiza mwaka 1975, hasa nyimbo zinapoingia kwenye mapigo ya kienyeji na waimbaji wakaitikiana kwa lugha za nyumbani, na inalegea pale gitaa linapojaribu kuwa Kims.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuwasikia, ushauri wangu ni kwamba asianzie kwenye mikusanyo. Mikusanyo huchanganya bendi kumi na kumwacha mtu na ladha moja ya jumla. Aitafute Lazy Bones!! nzima, aisikilize kwa mpangilio wake kutoka Black Tears hadi mwisho, kisha arudi nyuma kwenye Introduction ili asikie vijana haohao kabla hawajajua wanachoweza kufanya. Akimaliza hizo mbili, Zango itamfaa, na atakuwa tayari anajua nani anapiga nini.